Mtia Makaa wa Kumi na Mbili

"Chai imemwagika."

Simu ikakatwa.

Mabrouk Silima alibaki na mkono wa simu sikioni. Soksi zake zilikuwa zimelowa tangu alfajiri, maana masika ya mwaka ule wa 1956 yalikuwa hayana huruma na mtu, hata afisa wa Tawi Maalumu la polisi wa Unguja. Angekuwa kijana angekwisharuka kitini. Alikuwa na miaka arubaini na nne, na magoti yake yalijua.

Sauti ilikuwa ya Shemsa, mwanamke wa ofisi ya simu aliyekuwa akimsaidia kimyakimya kusikiliza yasiyopasa kusikilizwa. Na maneno yale, kwa jinsi walivyokubaliana, yalikuwa na maana moja.

Maficho yamejulikana.

Saa mbili na robo asubuhi. Alhamisi, tarehe kumi na saba Mei.

Alimpigia bosi wake, Bwana Hadley.

"Nataka askari sita, bwana."

"Huna."

"Wanne."

"Manowari imetia nanga, Mabrouk. Mgeni wa Balozi wa Mwingereza anashuka saa nne. Kila mwenye kofia ya polisi yuko bandarini."

"Na shahidi akiuawa?"

Waya ulivuma kidogo. "Basi kesi ya Wamarekani itakosa shahidi. Si kesi yetu."

"Waliokufa kumi na mmoja ni wetu."

"Umeshasikia jibu langu."

Mabrouk akarudisha simu mahali pake, taratibu. Akavuta mtoto wa meza, akatoa bastola yake ya Webley, akahesabu risasi. Sita. Akaitia kiunoni, akachukua ufunguo wa pikipiki yake ya BSA na kutoka mvuani.

Kesi yenyewe ilikuwa mbali, huko Baltimore, jimbo la Maryland. Marekani kila jimbo lina korti zake za kuhukumia wezi wa kuku na wagomvi wa mipaka, lakini mambo ya bahari hupelekwa kwenye korti ya serikali kuu, ile ambamo kesi huanzia, na jimbo zima la Maryland lilikuwa na moja tu ya namna hiyo. Jaji wa pale, mtu ambaye pengine hajapata kuisikia Kikwajuni maishani mwake, alikuwa ametia saini amri. Kificho Haji, mtia makaa wa meli *Eleanor Calder*, ahojiwe Zanzibar chini ya kiapo mbele ya kamishna wa korti. Mwisho tarehe kumi na saba Mei. Ushahidi utakaochukuliwa baada ya hapo korti haitaupokea.

Kamishna alikuwa ameshafika. Bwana Whitcomb, mwembamba, mwenye miwani, alikuwa amepewa chumba kwenye jumba la korti la Vuga, na ndege yake ilikuwa iruke saa nane mchana.

Meli ile ilizama Februari karibu na Kismayu. Ilikuwa imebeba bunduki ndani ya mapipa ya saruji, na manowari ya doria ilikuwa inaisogelea. Mhandisi mkuu, mzungu anayeitwa Drummond, akafungua vali ya kuingiza maji ya bahari, ili izame na mzigo wake. Kabla ya hapo alifunga kwa nje mlango wa chumba cha tanuri, ili watu waliokuwa wakipiga makoleo mle wasije wakasema walichokiona. Watia makaa wa meli ile walikuwa kumi na wawili, wote vijana wa Unguja, wengi wao wa Tumbatu na Mkokotoni. Kampuni yenye meli, ya huko Baltimore, ikaandika kwamba ni ajali na kwamba wote wamekufa.

Kampuni ilikosea kwa mtu mmoja. Kificho alikuwa nje, juu ya ngazi, amekwenda kuchota maji ya kunywa. Aliona mkono wa Drummond kwenye vali. Akajirusha baharini, akaokotwa na wavuvi wa Kisomali, na katikati ya Ramadhani akaingia Unguja kwa siri, akaenda moja kwa moja kwa Mabrouk.

Drummond naye alikuwa mjini. Alikuja kama mtu wa kampuni mwenye kuleta rambirambi, akiwapitia wafiwa na karatasi ya kuwekea kidole gumba kwamba hawana madai, na hati zake zilikuwa safi kuliko za kadhi. Bila ya maneno ya Kificho hakuna wa kumgusa.

Mabrouk alikuwa amemficha Kificho mahali ambapo alidhani hapana mwanamme yeyote wa kisiwa kile angethubutu kuingia. Alimficha kwa mke wa Kificho mwenyewe. Mwanapili alikuwa ndani ya eda, na nyumba yenye mjane wa eda haivamiwi. Wanaume hawaingii, na yeye hatoki. Palikuwa pazuri.

Palikuwa.

*

Nyumba ilikuwa Kikwajuni, ya udongo na mabati, kwenye kichochoro chenye matope ya kufika kwenye vifundo vya miguu. Mabrouk aliiacha pikipiki mbali. Mdomoni mwa kichochoro walisimama watu wawili, mahamali wa bandarini kwa mabega yao. Aliwajua. Kurwa, mrefu, na Borafya, mwenye shingo nene. Borafya alikuwa na kitu kimetuna chini ya shati, kirefu kama kisu cha kuchinjia. Walikuwa wakimtazama usoni kila apitaye, na Kurwa alikuwa na picha ndogo kiganjani.

Mabrouk akazunguka kwa nyuma, akapita uani, akabisha hodi.

"Karibu," alisema Mwanapili kutoka nyuma ya pazia.

"Nani kaingia humu siku hizi?"

"Bi Mwanamwema. Siku ya tatu ya Idi."

Mama yake Simai, mmoja wa wale kumi na mmoja. Mabrouk alimjua, mtu mwema, mwenye kutembelea wafiwa wenziwe ingawa naye ni mfiwa.

"Kaona nini?"

Mkono ukalivuta pazia kulifunga vizuri.

"Mwanapili, nnauliza kwa kuwa watu wako nje na kisu."

"Hakuona kitu," alisema Mwanapili. Sauti yake ikashuka. "Kanusa. N'likuwa nimevaa kikuba."

Kikuba, asumini na mkilua na rehani, kifuani, ndani ya eda. Mwanamke wa eda hagusi hata mafuta ya nywele.

"Ilikuwa Idi, Bwana Mabrouk. Miezi miwili n'likaa humu nikimlilia mtu, kisha Mungu akanirejeshea. N'kavaa siku moja. Siku moja tu."

Mabrouk alitaka kukasirika na hakuweza. Katika nyumba yake mwenyewe kikuba hakikunukia tangu mkewe alipozikwa, na hiyo ilikuwa miaka sita.

Mengine aliyaunga mwenyewe. Bi Mwanamwema hakuwa msaliti. Alinusa kikuba, akajua mume yu hai, na baada ya siku mbili za kutolala akaenda kumwuliza mtu pekee aliyedhani anajua habari za meli. Kama Kificho kapona, Simai wangu je? Alimwuliza Drummond. Mama gani asingeuliza?

Kificho akatokeza, kijana wa miaka ishirini na minane, macho mekundu, mapafu yamejaa vumbi la makaa. Akakohoa kikohozi kirefu.

"N'tapita tu," alisema. "Wawili si wengi."

"Wana kisu, na hata ukipita uani, Drummond hakosi kuwa langoni mwa korti na bastola. Ukifa, wale kumi na mmoja wamekufa kwa ajali. Umenfahamu?"

"Nimekufahamu. Basi n'tatokaje?"

Mabrouk akaitazama mvua. Wazo lilikuwa limeshamjia tangu kichochoroni, na alilichukia tangu lilipomjia.

"Kwa karatasi za kampuni, wewe u hai?"

"Nshakufa tangu Februari. Hata hitma nimesomewa."

"Basi utatoka ulivyo."

*

Maalim Msabah, mtunza msikiti, alikuwa akifagia maji barazani.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba. Sema upesi, maana ukija wewe hapana kheri."

"Nnataka jeneza."

"Kafa nani?"

"Hakuna."

Fagio likasimama. Mabrouk akamweleza yote, kwa kifupi, bila kumficha kitu, na Maalim akasikiliza huku uso wake ukizidi kukunjamana.

"Jeneza si gari la mchukuzi, yakhe. Watu watatia mabega yao wakitaka thawabu."

"Watambeba mtu anayekwenda kuwasemea maiti kumi na mmoja ambao hakuna aliyewabeba. Nambie weye, thawabu hapo hamna?"

Maalim Msabah aliinama, akaokota jani lililoganda kwenye fagio, akalitupa.

"Nguo ya jeneza yenye aya siitoi. Na msikitini halipiti. Mtu hai hasaliwi."

"Halipiti."

"Na mie n'takwenda mbele."

"Si lazima, Maalim."

"Siku ya Kiyama nikiulizwa, n'taka nijue n'lichofanya. Sitaki kuhadithiwa."

*

Saa nne na nusu jeneza likatoka.

Mvua ilikuwa imepungua, imebaki manyunyu. Maalim mbele. Watu wanane wa msikitini nyuma, ambao hawakuambiwa ila kwamba ni mtu wa baharini asiye na jamaa. Mabrouk alikuwa kwenye mti wa mbele, kushoto, ndani ya kanzu na kofia, na Webley ikimchoma ubavuni. Kificho alilala chini ya shuka nyeupe na kikoi kilichotandazwa juu.

"La ilaha illa Llah," alianza Maalim.

"La ilaha illa Llah."

Mlango wa kwanza. Mlango wa pili. Watu wakatoka barazani na kuunga. Kila hatua chache mtu mpya aliingiza bega na mwingine akatoka, kama ilivyo ada, na wanane wakawa ishirini.

Mdomo wa kichochoro.

Kurwa alisimama katikati ya njia, picha kiganjani. Alimtazama Maalim. Alimtazama wa pili, wa tatu. Macho yake yakafika kwa Mabrouk na kukaa hapo.

Kisha akaliona jeneza.

Hakufikiri. Hakuna anayefikiri. Alitia picha mfukoni, akatupa sigara yake ya Clipper kwenye matope, akasogea na kuingiza bega chini ya mti wa mbele, kushoto. Mahali pa Mabrouk.

"Nipishe nami, sheikh yangu."

Mabrouk hakuwa na la kufanya. Kumkatalia mtu thawabu ya jeneza ni jambo ambalo hata mwendawazimu halifanyi, na macho arubaini yalikuwa yakitazama. Akapisha.

Borafya naye akaingia kulia. Kisu chake kiligonga mti, *ngo*.

Basi ikawa hivyo. Kificho Haji alivuka Mnazi Mmoja juu ya mabega ya watu waliotumwa kumchinja, na kichwa chake kilikuwa karibu na sikio la Kurwa kiasi cha kunong'onezana. Mabrouk alitembea ubavuni, mkono ndani ya kanzu. Alikuwa amechoka mno hata kuogopa vizuri. Alijiambia kwamba akimpiga risasi Kurwa jeneza litaanguka upande huu, na akimpiga Borafya litaanguka upande ule.

"Mzito," alisema Borafya.

"Watu wa baharini ndivyo walivyo," alijibu Maalim bila kugeuka.

Katikati ya uwanja, jeneza likakohoa.

Kilikuwa kikohozi kidogo, cha kubanwa. Mabega ya Kurwa yalishtuka.

"LA ILAHA ILLA LLAH!" Maalim Msabah aliipandisha sauti mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Watu wakampokea kwa nguvu, na Mabrouk hapo hapo akakohoa kwa kujilazimisha, akainama, akatema mate.

"Baridi hii," alimwambia Kurwa.

"Mvua mbaya," alikubali Kurwa, na akaongeza mwendo.

Jumba la korti likatokea, jeupe, na lango lake la chuma. Chini ya mti wa pembeni alisimama Drummond na mwavuli mweusi. Alilitazama jeneza likija, akawaona watu wake wawili wamelibeba, na uso wake ukaonyesha kuudhika. Walikuwa wameacha lindo! Hata hivyo alivua kofia. Mwenyewe alikuwa na adabu zake.

Jeneza lilipaswa kupita moja kwa moja.

"Ingizeni humu," alisema Mabrouk.

Kurwa akageuza shingo. "Humu kortini?"

"Maiti ana kesi."

Wakati Kurwa bado anashangaa, Maalim alikuwa ameshakata kona, na jeneza humfuata aliye mbele. Mguu wa kwanza ukaingia langoni.

Drummond akafahamu.

Mwavuli ukaanguka. Bastola ya Luger ikatoka kotini, nyeusi, na ikanyooka juu ya shuka nyeupe.

Mabrouk akaivuta Webley. Ikanasa kwenye kanzu. Akavuta tena. Akasikia kitambaa kikipasuka, na akajua kwa utulivu wa ajabu kwamba amechelewa.

Lakini Borafya alikuwa ameona.

Hakuona shahidi, wala kesi, wala bosi wake. Aliona mtu anamlenga maiti kwa bastola. Alitoka chini ya mti, mwingine akaingia mahali pake papo hapo kama ilivyo ada, na Borafya akamrukia mzungu yule kwa uzito wake wote wa kubebea magunia.

*Pa!*

Risasi ikapiga nguzo ya lango. Chokaa ikaruka.

"Maiti! Maiti unamwonea nini, mwanaharamu weye?"

Alimkalia kifuani. Watu kumi wengine wakaja kumsaidia, kwa makobazi na miavuli. Mabrouk alipofika na Webley yake iliyochelewa, kazi ilikuwa kuwazuia wasimmalize.

"Basi, basi. Mwachieni. Polisi."

Akaipiga Luger teke, akamfunga Drummond pingu. Mzungu alikuwa akitoka damu puani.

"Huna kitu juu yangu," alisema Drummond kwa Kiswahili cha melini.

"Sasa hivi ninacho hiki cha kupiga risasi langoni mwa korti. Hicho kingine kinakuja."

Nyuma yake, Kificho aliinuka kukaa, akakohoa mpaka machozi.

Hapo ndipo watu walipokimbia. Jeneza lilitua kwa kishindo, na uwanja ukabaki na makobazi matupu. Maalim alisimama. Kurwa naye hakukimbia. Akatoa picha mfukoni, akatazama picha, akatazama mtu.

"Ndiye huyu mwizi wa kampuni?"

"Si mwizi," alisema Mabrouk. "Walikuwa kumi na wawili, kabaki yeye. Wenziwe walifungiwa ndani na huyu aliyekutuma."

Kurwa akajipangusa bega.

"Umenibebesha mtu hai."

"Nimekubebesha. Niwie radhi."

"Sikuwii," alisema Kurwa, akaichana picha ile vipande viwili, akaondoka.

*

Saa tano na dakika kumi. Bwana Whitcomb alikuwa amesikia mlio wa risasi na alikuwa mweupe zaidi kuliko kawaida yake, lakini alikaa. Mwandishi wake aliweka vidole juu ya mashine ya chapa ya Remington. Mkalimani wa korti alimletea Kificho Msahafu.

Kificho hakuupokea.

"Sina udhu," alisema.

Whitcomb akaitazama saa yake, kisha akamtazama Mabrouk mlangoni, kisha akasema kwamba korti ya Maryland itasubiri. Wakamwonyesha bomba la uani. Alitawadha bila haraka, kila kiungo mara tatu, na akarudi akiwa amelowa. Akaapa.

Alisimulia kwa saa moja na nusu. Mapipa, bunduki, mlango, komeo, vali. Mkono wa nani. Alitaja majina kumi na moja, na kila jina mashine ililipiga herufi moja moja.

"Ulijuaje kwamba walikuwa hai mlango ulipofungwa?" aliuliza Whitcomb.

"Walikuwa wakipiga chuma kwa makoleo. N'liwasikia hata nilipokuwa majini."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka akabaki mmoja. Kisha akanyamaza na yeye."

Mashine ikasimama kidogo, kisha ikaendelea. Saa saba kasorobo Kificho alitia saini. Whitcomb aliufunga ushahidi ndani ya bahasha, akaipiga lakiri nyekundu, akaitia kwenye mkoba wa ngozi uliofungwa kwa mnyororo mkononi mwake. Kwenye nyumba ya Kikwajuni mwanamke mmoja angeweza sasa kutoka mlangoni mchana kweupe.

Mabrouk alimpigia Hadley kutoka chumba cha karani.

"Mzigo umefika. Drummond yuko rumande."

"Bila askari?"

"Watu walisaidia."

"Vizuri. Andika ripoti."

"Kesho, bwana."

Akakata yeye kwanza. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka kumi na sita.

Nje mvua ilikuwa imerudi. Habari za maiti aliyefufuka Vuga zilikuwa zimeshafika Ng'ambo kabla ya saa sita, na kwenye ngazi ya lango, chini ya nguzo iliyopasuliwa na risasi, alikaa mwanamke wa makamo ndani ya buibui lililolowa chapachapa. Bi Mwanamwema. Alisimama alipomwona.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Nimesikia Kificho kaonekana." Alishika chuma cha lango. "Na Simai? Naye mmemficha wapi?"

Mabrouk alikuwa amesema uongo tangu asubuhi. Angeweza kusema bado tunatafuta. Angeweza kusema bahari ni kubwa, Mungu ni mkubwa, na mwanamke huyu angekaa akingoja hodi mpaka kufa kwake.

"Simai hayupo, Bi. Kafa melini."

"Kificho kamwona?"

"Kawasikia. Wote. Mpaka wakanyamaza."

Hakulia. Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayekubali bei asiyoiweza. Kisha akainua uso, na Mabrouk akaliona swali likimjia kabla hajalisema.

"Yule mzungu alotaka kumwua Kificho. Kajuaje kama yu hai?"

Macho yake yalikuwa makubwa. Vidole vyake vilikuwa vimekaza kwenye chuma. Alikuwa anajua, au alikuwa hatua moja tu kabla ya kujua, na hatua hiyo angeishi nayo pamoja na kifo cha mwanawe.

"Tuna mtu mbaya ofisini kwetu," alisema Mabrouk. "Kauza siri. N'tamtafuta."

"Ofisini kwenu?"

"Naam, Bi. Kwetu."

Alimtazama usoni. Vidole vyake vikakiachia chuma.

"Mungu amlaani," alisema.

"Amin," alisema Mabrouk.

Akamfungulia mwavuli wa Drummond uliokuwa bado umelala kwenye matope, akampa aushike. Kisha akavaa kofia yake na kushika njia ya Mnazi Mmoja kwa miguu, kanzu imepasuka ubavuni, bila kuharakisha, kwani alikuwa ameshalowa.